Mitungi ya zimamoto majengo ya biashara Arusha: tunalipia stika, mtungi wenyewe haufunguliwi!!

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiunganishe huu uzi na mwingine, nataka usomwe wenyewe.

Mi ni fundi cherehani, nina fremu ghorofa ya pili kwenye jengo moja la biashara hapa mjini Arusha, sio mbali na Soko Kuu, jengo silitaji kwa sasa. Jumanne ya wiki iliyopita kama saa kumi jioni umeme ukakatika, binti anayenisaidia akaiacha pasi mezani akashuka kununua zipu, umeme uliporudi mi nipo koridoni napima mteja. Harufu ndo ilinishtua. Naingia nakuta blanketi la kupigia pasi limeshika, moto umeshapanda kwenye vitenge nilivyoning'iniza na pembeni kuna marobota mawili ya vitambaa vya sare za shule.

Nikakimbilia ule mtungi mwekundu wa ukutani, hauko mbali, hatua sita tu kutoka mlangoni kwangu. Pini haitoki. Navuta haitoki. Kumbe wameifunga na waya wa bainding, ule wanaofungia nondo, badala ya ile sili ya plastiki inayokatika yenyewe ukivuta. Nimeukata huo waya na mkasi wangu wa kukatia kitambaa huku mikono inatetemeka, nikaelekeza hozi chini ya moto, nikabana. Ikatoka pfff, upepo na vumbi jeupe la kujaza kijiko, basi. Nikabana tena, hamna kitu. Na mshale wa geji upo kwenye kijani jamani!! Mtungi hautoi chochote na mshale umesimama palepale kwenye kijani kama umegundishwa.

Aliyeniokoa ni dereva wa Hiace aliyekuwa amepaki chini, kapanda ngazi mbio na kamtungi kake ka kilo moja ka kwenye gari, na kaka wa fremu ya simu kawahi kushusha main swichi. Mungu awabariki wote wawili. Hasara yangu ni cherehani moja, vitenge vya wateja watatu na robota moja la sare ambalo shule inalisubiri, lakini nashukuru kwa sababu ghorofa ya juu yetu kuna darasa la kompyuta na muda ule lilikuwa limejaa watoto.

Sasa hasira zangu zinaanzia hapa. Moto ulipozima nikasoma ile stika. Imeandikwa servisi imefanyika miezi miwili iliyopita, imesainiwa, tarehe ya kurudi ni mwakani. Na mi nilikuwepo siku hiyo! Alikuja kijana mmoja na kitambaa cha kufutia vumbi na bunda la stika, anafuta mtungi, anabandua stika ya zamani, anabandika mpya, anasaini, anaenda mwingine. Mitungi 14 ya ghorofa mbili haikumchukua hata robo saa. Nikamuuliza mdogo wangu mbona huifungui, akaniambia dada usijali, kijani ikiwa kijani iko sawa. Nikaamini kwa sababu mi ni fundi nguo, nitajuaje.

Juzi nimeubeba ule mtungi nikampelekea fundi mmoja mtu mzima anayefanya hizi kazi kwa uaminifu, nikamwambia baba naomba uufungue mbele yangu. Akatoa presha iliyobaki, akafungua shingo, akaupindua juu ya gunia. Hakuna kilichomwagika. Akaupiga piga na nyundo ya mpira ndo yakaanza kudondoka mabonge, unga umeganda kama saruji iliyonyeshewa, na ule mrija wa ndani umeziba mpaka juu. Akanielezea kwamba unga ukikaa miaka bila kuguswa unashuka chini unajishindilia, na unyevu ukiingia ndo unageuka jiwe, kwa hiyo hata presha ingekuwepo isingeweza kuusukuma. Geji nayo imekufa, ameifungua kabisa kwenye mtungi na mshale bado umebaki kwenye kijani.

Akaniuliza kwenye jengo mna ile ya CO2? Nikamwambia upo mmoja karibu na chumba cha umeme. Akasema huo ndo hauna geji kabisa, njia ya kuujua ni mizani tu, uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale begani kwenye chuma, unapima unatoa unapata gesi iliyobaki, ikipungua zaidi ya asilimia 10 unajazwa upya. Yule kijana wa stika hakuja na mizani yoyote!! Sasa alijuaje kwamba uko sawa mpaka akausainia?

Nilivyorudi nikaanza kuzunguka jengo mwenyewe, na ningejua nisingezunguka maana toka siku hiyo silali vizuri. Ule mpira mkubwa wa kuzimia moto wa ghorofa ya kwanza umezibwa na katoni za viatu, nikaomba watoe, tukafungua vavu, likatoka tone la kutu. Tenki la juu lilishahamishiwa vyooni zamani. Mlango wa dharura wa nyuma una kufuli, eti wezi, na funguo anayo meneja ambaye haonekani jengoni zaidi ya mara moja kwa wiki. Paneli ya kengele ya moto pale kwa mlinzi inawaka taa ya njano ya hitilafu, na kwenye kile kitundu cha kutolea sauti wamebandika selotepu tabaka mbili. Nikamuuliza babu mlinzi hii vipi, akasema mwanangu ilikuwa inapiga kelele usiku kucha wakaniambia niibandike. Babu simlaumu, ametumwa.

Na tunalipa! Kila fremu inakatwa shilingi elfu 15 kila mwezi, kwenye risiti wanaandika ulinzi, usafi na usalama wa moto. Zidisha kwa fremu 38 uone. Nimempigia meneja nikamweleza yote haya, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniambia, "Dada, si moto ulizima?" Nikapost picha za unga kwenye grupu la wapangaji, jioni nikakuta nimetolewa kwenye grupu.

Msiniambie mambo haya ni ya mbali. Kariakoo soko zima liliungua Julai 2021 nchi nzima ikiangalia. Sisi wa huku kaskazini tuna Shauritanga kule Rombo, 1994, makumi ya wasichana waliteketea bwenini usiku, mi mama yangu anatoka Rombo na mpaka leo akiona mlango umefungwa kwa nje anauliza ni nani kafunga. Kwa hiyo nikiona kufuli kwenye mlango wa dharura na watoto wako juu, siwezi kunyamaza eti niogope kuhamishwa fremu.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo toka 2007, jeshi lina mamlaka ya kuingia kukagua majengo, wenye majengo wanatakiwa kuwa na cheti. Nimeshaandika barua yangu na picha zote, naipeleka kwa mkono na nitataka igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwenye moto sasa hivi asisubiri barua, piga 114.

Wapangaji wenzangu wa majengo ya Arusha na Moshi naomba mfanye kitu kimoja kesho asubuhi kabla hamjafungua biashara: nendeni mkauangalie mtungi wa karibu yenu. Pini imefungwa na nini? Hozi imepasuka au ina nyumba ya nyigu ndani? Ukiupindua taratibu unasikia unga unatembea au umekaa kimya? Leteni majibu hapa hapa. Na mwenye fundi anayefungua mtungi mbele ya mteja, hasa Moshi mjini maana dada yangu ana duka kule, aniandikie inbox.

Yule kijana wa stika ameitwa tena Jumamosi saa tatu, eti aje kubadilisha ule mtungi wangu tu. Nimeshaongea na baba anayeuza mchele pale chini, ananiazima mizani yake kubwa. Mtungi wa CO2 utashushwa upimwe mbele ya wapangaji wote kabla hajabandika kitu, na ile mingine 13 itafunguliwa mmoja mmoja hata kama tutakaa mpaka usiku.