Mtoto wa miaka 4 analia mpaka anatapika nikichukua simu

Mama Pacha, Moshi:
Wazazi wenzangu, habari zenu. Nauza nyanya na ndizi pale Mbuyuni. Wateja wakibanana, kijana wangu nampa simu aangalie katuni, atulie. Sasa nikiichukua analia mpaka anatapika, na chakula hali bila simu. Naumia, maana mimi ndiye niliyemzoesha. Nianzie wapi?

Bibi wa Kibosho:
Pole mwanangu. Anza na chakula. Simu ibaki chumbani, yako pia, mle sahani moja. Mjukuu wangu alisusa siku 3, ya 4 akala.

Baba J, Arusha:
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema miaka 2 hadi 4 skrini isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Usimpokonye ghafla. Mwambie "hii ikiisha tunazima", na uzime kweli. Zima pia ule mpangilio wa video kujiendeleza zenyewe, ndio unaowavuta.

Mama Pacha:
Shikamoo bibi, asante. Asante Baba J. Kesho atanipangia nyanya mafungu, anapenda kuhesabu.