Picha ya bahari yenye mistari miwili tu

Muulizaji, Jambiani: Assalaam alaykum. Siku moja ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yalipokuwa yamekupwa, nilipiga picha yenye mchanga, mbingu na kigingi kimoja cha mwani. Wenzangu husema haina kitu. Mimi naiona imejaa. Je, uchoraji dhahania, yaani ule usiochora vitu halisi, umechangia vipi upigaji picha wa namna hii?

Jibu, Mji Mkongwe: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umechangia sana. Mchoraji Malevich alipoonyesha mraba mweusi mwaka 1915, na baadaye mchoraji Rothko alipotandaza rangi mbili tatu zenye kingo zilizofifia, watazamaji walizoea kusimama mbele ya uwanda mtupu bila kutafuta hadithi. Mpiga picha Sugimoto, aliyeanza picha zake za bahari mwaka 1980, huigawa picha kati kwa kati: maji chini, hewa juu.

Jibu, Wete: Naafiki, ila mchoraji huanza na turubai tupu, nasi huanza na ufuo uliojaa ngalawa na madema, kisha tunangoja viondoke. Kigingi chako ningekisogeza pembeni.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimekitazama tena, kivuli chake mchangani ndicho mstari wa tatu, nami sikuwa nimeuona.