Je, sheria inaweza kuipiga imani marufuku, na waumini wangefanya nini?

Mkazi wa Ilala ameuliza:

Wanajukwaa, asalaam alaykum na Tumsifu Yesu Kristo.

Tangu miili ya watu zaidi ya 400, wafuasi wa mhubiri aliyewashawishi wafunge hadi kufa kwa njaa, ifukuliwe katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, mazungumzo ya kuwadhibiti wahubiri hayajakoma, wala hayakuishia Kenya. Juzi kazini mwenzangu mmoja alidai kwamba serikali yenye nguvu ya kutosha inaweza kuifuta dini moja kwa moja, mwingine akamjibu kwamba jambo hilo haliwezekani kwa sababu imani iko moyoni. Najua kwamba ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa imani, na kwamba Katiba ya Kenya inaulinda katika ibara ya 32, lakini katiba huandikwa na watu na watu hao hao huweza kuibadilisha.

Ninauliza mambo mawili. Je, kuna nchi iliyowahi kupiga marufuku dini zote, si dhehebu moja tu? Na muumini aliyefikwa na hali hiyo alipaswa kufanya nini: kutii, kujificha, kuhama au kukaidi waziwazi? Ninaomba mifano ya kweli, si mahubiri.

Mwalimu wa Historia amejibu:

Ndugu, nchi hiyo ipo, nayo ni Albania. Nchi nyingine za kikomunisti ziliibana dini, zikawafunga viongozi wake na kuyageuza majengo yake maghala, lakini kwenye karatasi ziliacha kifungu kinachoiruhusu. Albania chini ya kiongozi wake wa kikomunisti, Enver Hoxha, ilikwenda hadi mwisho. Baada ya hotuba yake ya Februari 1967, vijana walihamasishwa kufunga nyumba za ibada, na katika muda wa miezi michache misikiti, makanisa, nyumba za watawa na zawiya (vituo vya ibada) za Wabektashi, tarika ya Kisufi, zaidi ya 2,000 zilikuwa zimefungwa. Kanisa kuu la Wakatoliki mjini Shkodër likawa ukumbi wa michezo. Katiba ya mwaka 1976, katika ibara ya 37, ikatamka kwamba dola haiitambui dini yoyote.

Serikali haikuishia kwenye majengo, ilifuata hadi mezani na kwenye cheti cha kuzaliwa. Wakati wa Ramadhani na wa Kwaresima, chakula ambacho mfungaji hapaswi kukila kiligawiwa shuleni na kazini, na aliyekikataa alikuwa amejitaja mwenyewe. Mwaka 1975 ikatoka amri ya kuwataka wenye majina yasiyolingana na itikadi ya chama wayabadilishe. Padre Shtjefën Kurti, aliyekuwa kifungoni, aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu alimbatiza mtoto.

Waumini walifanya yote uliyoyataja, isipokuwa kuhama, kwa maana mipaka ilikuwa imefungwa na kulindwa kwa bunduki. Padre Ernest Simoni alikamatwa usiku wa Krismasi mwaka 1963, kabla hata ya marufuku hiyo kamili, akafanyishwa kazi migodini na, baada ya kuachiwa, kwenye mifereji ya maji taka ya Shkodër. Miaka yote hiyo aliendelea kusoma Misa kwa siri, kwa Kilatini alichokihifadhi kichwani, kwa sababu hakuwa na kitabu. Papa Fransisko alimfanya kardinali mwaka 2016. Mwezi wa Novemba 1990, utawala ulipoanza kuyumba, maelfu ya watu walikusanyika makaburini Shkodër kusali Misa iliyoongozwa na Padre Simon Jubani, na siku chache baadaye Hafidh Sabri Koçi, ambaye naye alikaa gerezani miaka mingi, akaongoza sala ya Ijumaa katika Msikiti wa Risasi (risasi ya madini, si ya bunduki) wa mji huo huo. Inasimuliwa kwamba Wakristo walihudhuria ya Waislamu na Waislamu ya Wakristo.

Kwa hiyo mwenzako wa kwanza ana haki kuhusu sheria, na wa pili ana haki kuhusu moyo.

Bin Seif, Unguja, amejibu:

Mwalimu, ahsante kwa maelezo hayo. Naomba nijibu sehemu ya pili ya swali, kwa kuwa wanazuoni wetu waliijadili karne nyingi kabla ya Hoxha kuzaliwa, tena hawakukubaliana.

Granada, dola ya mwisho ya Kiislamu huko Hispania, ilianguka mwaka 1492, na miaka michache baadaye Waislamu wake wakalazimishwa kubatizwa. Mwanachuoni mkubwa wa Fez, Moroko, al-Wansharisi, alikuwa na msimamo mkali kwamba Mwislamu hapaswi kubaki chini ya utawala wa namna hiyo, bali ahame hata kama itambidi kuacha nyumba na shamba. Msimamo huo ni rahisi kwa mwenye nauli na jamaa wa kumpokea. Mwaka 1504 mufti mwingine, al-Wahrani, aliwaandikia wale waliobaki fatwa ya namna nyingine kabisa, akizungumza nao kama watu walio ndani ya moto badala ya kuwalaumu kwa kutokutoka. Asiyeweza kuswali waziwazi aswali kwa ishara. Asiyeweza kupata maji bila kushukiwa atayamamu, yaani ajitwaharishe bila maji, hata kwa kupangusa ukuta kwa mkono. Swala zilizozuiwa mchana zilipwe usiku. Akilazimishwa kunywa mvinyo au kula nguruwe, afanye hivyo huku moyo wake ukikataa. Msingi wake unajulikana kwa kila aliyepita chuoni: Surat An-Nahl, aya ya 106, inamtoa katika lawama yule aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia juu ya imani.

Wajukuu wa watu hao waliishi hivyo kwa takriban karne moja, mpaka mfalme wa Hispania alipowafukuza wote kati ya mwaka 1609 na 1614. Kwa maoni yangu, al-Wahrani aliwaelewa watu wake vizuri zaidi kuliko al-Wansharisi, ingawa ninakiri kwamba mtoto anayelelewa katika siri ya namna hiyo hujifunza dini kwa vipande.

Mama Anjela amejibu:

Shehe, hapo kwenye vipande ndipo ninapotaka kushika, na Mwalimu aniwie radhi, kwa sababu simulizi la Shkodër linapendeza mno kiasi cha kutusahaulisha hasara. Marufuku ya Albania ilifanikiwa kuliko tunavyopenda kukubali. Miaka 23 inatosha kabisa. Mapadre na masheikh waliokuwa watu wazima mwaka 1967 walikuwa wamekufa au wamezeeka mwaka 1990, na waliokuwa watoto wakati ule walikuwa sasa ni wazazi wasiojua sala hata moja ya kumfundisha mtoto. Katika sensa ya mwaka 2023, karibu watu 14 katika kila 100 walijitaja kuwa waumini wasio na dini maalumu, na Waislamu, ambao kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walikadiriwa kuwa kama 70 katika 100, walikuwa wamepungua hadi karibu nusu. Uhamiaji nao umechangia, najua, lakini watu wanaoamini kuna Mungu na hawajui wamwendee kwa njia gani ndio mazao ya sheria ile.

Linganisheni na Japani. Ukristo ulipigwa marufuku huko mwaka 1614, mapadre wakauawa au kufukuzwa, na washukiwa wakalazimishwa kukanyaga sanamu za Yesu na Maria mbele ya maofisa. Mwaka 1865 wanakijiji wa Urakami waliingia katika kanisa jipya lililojengwa Nagasaki kwa ajili ya wageni, wakamwambia Padre Petitjean, Mfaransa, kwamba wao ni wa imani moja naye, na wakaulizia sanamu ya Bikira Maria. Karne mbili na nusu! Walidumu kwa sababu kazi ya dini ilikuwa imegawanywa kijijini: mmoja alitunza kalenda ya sikukuu, mwingine alibatiza, na hakuna kati yao aliyehitaji padre. Hata hivyo baadhi yao, hasa katika kisiwa cha Ikitsuki, walikataa kurudi Kanisani baada ya marufuku kuondolewa mwaka 1873, kwa kuwa dini waliyoitunza ilikuwa imekwisha kuwa ya babu zao zaidi kuliko ya Roma.

Kwetu sisi Wakatoliki, nadhani jumuiya ndogondogo ndizo zingebaki. Kwenye jumuiya yangu kuna bibi asiyejua kusoma, ambaye huongoza rozari na litania nzima bila kukosea, na wajukuu wake wanaitikia wakiwa wanamenya viazi. Wale wanaotegemea jukwaa, vipaza sauti na nabii mmoja, sijui wangefika wiki ya pili.

Wakili wa Arusha amejibu:

Mifano yote ni mizuri, ila ningependa kumtahadharisha muuliza swali kwamba katika ukanda wetu marufuku haiji ikijitangaza kama ya Hoxha. Huja kwa kanuni. Rais Jean-Baptiste Bagaza wa Burundi hakuwahi kutamka kwamba Ukatoliki umefutwa, lakini alifukuza wamisionari, akazuia ibada za siku za kazi na kuweka seminari chini ya serikali, mpaka alipopinduliwa Septemba 1987 akiwa safarini Kanada. Huko Malawi, Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1967, na kilichowaponza zaidi ni kukataa kununua kadi ya chama. Walipigwa, wakachomewa nyumba, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji, na marufuku ikaondolewa mwaka 1993 tu. Eritrea tangu mwaka 2002 inatambua madhehebu manne, na nje ya hayo kusali pamoja ni kosa.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 18, unatenganisha mambo mawili: kuamini, ambako hakuwekewi mpaka wowote, na kudhihirisha imani, ambako kunaweza kuwekewa mipaka na sheria kwa ajili ya usalama, afya na haki za wengine. Kuua kwa njaa kule Shakahola ni jinai kwa sheria zilizokuwapo tayari. Hakuhitaji sheria mpya ya kupima mahubiri.

Mkazi wa Ilala:

Nashukuru sana, wakubwa. Wakili, swali la nyongeza: mtu akinyimwa usajili wa kanisa lake, je, akisali nyumbani anavunja sheria?

Wakili wa Arusha:

Kusali na familia yako sebuleni hakuhitaji cheti cha mtu yeyote. Ukianza kuendesha taasisi, yenye jina, viongozi na sadaka, unaingia katika Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na kuiendesha bila usajili ni kosa. Ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi na ukate rufaa, na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo unapoiwasilisha.