Eti "punguza umbea, taya litapona"! Daktari gani huyu?

Wakuu, nimetoka kwa daktari wa meno sasa hivi, natetemeka kwa hasira. Jina sitaji, wote mnamjua, yule foleni yake inashuka mpaka kwenye ngazi.

Taya la kulia linalia ko! nikipiga mwayo, asubuhi linauma mpaka sikioni. Mara ya kwanza akatumbukiza kijimpira cha mabondia kwenye maji ya moto, "ng'ata", basi, laki na nusu imekwenda. Meno hakupima, wala hakuuliza kama nasaga meno usiku. Leo nimerudi kumwambia maumivu yamezidi. Mlango wazi, kidole chake kimo mdomoni mwangu, anatangaza kwa sauti ya mnadani: "Mama, punguza umbea, taya litapona."

UMBEA! Foleni nzima ikaangua kicheko, nadhani mpaka Kigamboni walisikia. Na ningejibuje na kidole mdomoni?

Mzee wa Busati: Kwa uzi huu, daktari kakosea wapi?

Mleta mada: Wewe kaoane naye. Nimesema mlango ulikuwa WAZI!

Fundi Plasta: Dada, pole. Mimi nipo maabara ya meno. Kifaa cha maana unang'atishwa kwanza ule unga uliokorogwa na maji, tunapata umbo la meno yako, tunatengeneza kwa akriliki ngumu inayofunika safu nzima. Ukirudi unang'ata karatasi ya rangi, daktari anasaga palipogusa zaidi mpaka meno yote yaguse sawasawa. Unavaa usiku. Kinachofunika meno ya mbele tu, ukikivaa muda mrefu meno ya nyuma yanaweza kusogea. Na hivyo vimpira laini kuna watu vinawafanya wabane meno zaidi.

Mleta mada: Umeona! Karatasi ya rangi sijaiona. Nilichopewa ni umbea, mbele za watu!

Bint Tandale: Mi nilikuwa na hali hiyo, nikaambiwa nianze na vyakula laini, kitambaa cha moto shavuni, niache bigijii. Taya likatulia bila kifaa chochote. Ila muwa nimeumisi jamani.

Kaka Mbagala: Afadhali wewe umepewa maneno. Mimi waling'oa jino zima, bovu wakaliacha.

Mama Twins: Mimi nililetewa kifaa kizuri kabisa, bima ikagoma, eti ni urembo. Urembo gani unavaliwa usiku taa imezimwa?

Kaka Mbagala: Bima hao hao wamekataa miwani ya mama yangu!

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye umbea.

Mzee wa Busati: Miwani ni nafuu, mimi nimekatwa mshahara mwaka mzima na kadi haisomi popote.

Mama Twins: Kadi yako ya rangi gani? Yangu nayo tangu Jumatatu haisomi.