Tupeane uzoefu: dalili uliyoiona ukaizoea, hadi dohani, bomba la mashine ya kukaushia nguo au gata likaziba

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba tukusanye hapa visa vyetu kuhusu sehemu tatu za nyumba ambazo macho huwa hayafiki: dohani ya kutolea moshi, bomba la kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo, na magata ya paa yanayokusanya maji ya mvua. Ushauri wa kunakili tuuache. Kila mtu aseme dalili aliyoiona yeye, akaizoea, na yaliyomkuta.

Naanza mimi. Nyumbani tuna jiko la kuni lenye kioo mlangoni, na dohani yake inapita ukutani mwa chumba cha juu hadi nje ya paa. Msimu wa kwanza kioo kilikuwa kikishinda safi. Msimu wa pili kikawa kinaingia weusi kila jioni, nami nikawa nakisugua kila asubuhi kama ninavyofagia. Moto ukawa mzito kushika. Ukifungua mlango kuongeza kuni, moshi unakuja sebuleni. Mke wangu alisema mara mbili kwamba mapazia yananuka moshi, nikamjibu kuwa nyumba yenye jiko la kuni ndivyo ilivyo.

Usiku mmoja tukasikia mngurumo ndani ya ukuta, kama lori linalopita mbali na haliishi kupita. Nilipotoka nje niliona cheche zinaruka juu ya dohani. Nikafunga mlango wa jiko na matundu yake yote ya hewa, nikatoa watoto nje, nikawapigia zimamoto. Walipofika moto ulikuwa umeanza kufa wenyewe, lakini ukuta wa chumba cha juu, anacholala binti yetu, ulikuwa hauwekeki kiganja. Moto wa ndani ya dohani unaweza kuvuka nyuzi joto 1,000. Bado nikiuangalia ukuta ule moyo unashtuka.

Fundi aliyekuja kukagua alinionyesha kilichoungua. Moshi wa kuni ukipanda ukakuta bomba limepoa, chini ya nyuzi joto 120 hivi, mvuke wake unaganda na kushika ukutani. Hiyo ndiyo kreosoti. Mwanzoni ni masizi ya unga, brashi inayatoa bila shida. Ukiyaacha yanakuwa magamba. Ukiacha tena inakuwa lami ngumu inayong'aa, na hapo brashi ya kawaida haisaidii. Kipimo alichonipa ni milimita 3: tabaka likifika unene huo, usiwashe moto mpaka dohani isafishwe.

Chanzo kilikuwa kuni zangu. Nilikuwa nachoma kuni zilizokatwa miezi miwili tu nyuma, halafu usiku nabana hewa ili moto ufike asubuhi. Unyevu wa kuni unapoza moshi, na hewa iliyobanwa haiuachi uungue wote. Siku hizi kuni zinakaa kwenye upepo mwaka mzima, nina kifaa cha kupima unyevu, na iliyozidi asilimia 20 inasubiri ikauke.

Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Pole sana mkuu, na tumshukuru Mungu kwa huyo mtoto.

Kwetu hakukuwa na moto wala moshi. Dalili ilikuwa kichwa. Kila jioni tukiwasha meko, mama mkwe analalamika kichwa, mimi kizunguzungu, mdogo wangu analala mapema kuliko kawaida. Asubuhi tukitoka kwenda kazini tunapona. Tukasema ni uchovu. Hilo la kupona ukitoka nje ndilo lingetakiwa kutushtua, na wiki nzima hakuna aliyelisema kwa sauti.

Mdogo wangu ndiye aliyenunua king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto. Kililia jioni ile ile alipokifunga. Tukazima, tukafungua madirisha, tukatoka sote. Mama mkwe alilazwa usiku mmoja akipumulia oksijeni. Juu ya dohani kulikutwa kiota cha ndege, vijiti na majani vimejaa mdomo mzima. Walijenga miezi ile ambayo hatukuwasha. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, kwa hiyo kusema "mbona hatusikii moshi" hakumlindi mtu.

Sasa dohani ina kofia yenye wavu, na king'ora kipo karibu na vyumba vya kulala. Natamani king'ora kingekuwa kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya kuni.

Mchangiaji wa 3

Swali kwa mwanzisha mada. Sisi tunawasha mara chache mno, pengine siku kumi kwa mwaka. Na sisi tusafishe kila mwaka?

Mwanzisha mada

Mkuu, tenganisha kukagua na kusafisha. Kukagua ni kila mwaka hata kama hukuwasha, na kiwango cha Marekani kinachoitwa NFPA 211 ndivyo kinavyosema. Kusafisha kunategemea kilichoonekana. Kisa cha mchangiaji wa 2 kinakuhusu wewe kuliko mimi: ndege hupenda dohani isiyotumika.

Nyongeza ndogo kwa wanaosafisha wenyewe: brashi iwe na upana wa bomba lako. Ikiwa ndogo inapapasa tu. Bomba la chuma cha pua lipate brashi ya plastiki, maana ya waya inalikwaruza. Na majivu yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Kaa la moto linaweza kukaa hai siku kadhaa chini ya majivu yanayoonekana yamepoa.

Mchangiaji wa 4

Mimi ni mama wa mapacha, kwa hiyo mashine yangu ya kukaushia nguo haipumziki. Ilikuwa inakausha kwa dakika arobaini na tano. Ikaja saa nzima. Ikaja mizunguko miwili. Nguo zinatoka za moto lakini nzito, bado na unyevu kwenye mishono. Chumba kinakuwa na joto la jasho, kioo cha dirisha kinatiririka maji.

Nikahukumu mashine. Tukajikusanya tukanunua mpya, ile ya zamani tukamgawia jirani. Mashine mpya, wiki ya kwanza, mizunguko miwili! Nilikaa sakafuni nikalia, nasema ukweli. Halafu jirani akaja kunishukuru kwamba ile ya zamani inakausha vizuri ajabu.

Ndipo baba watoto akavuta mashine kutoka ukutani. Bomba la nyuma lilikuwa la plastiki, lile la kujikunja kama akodioni, na kila mkunjo umejaa manyoya ya nguo. Tulitoa mfuko mzima. Ndani kwenye kona kulikuwa na bonge lililoshikana kama blanketi, upande mmoja limebadilika rangi kuwa kahawia. Lilikuwa limeanza kuungua. Mapacha wanalala chumba cha pili.

Mimi chujio la manyoya la mashine nilikuwa nalisafisha kila mzunguko, kwa hiyo nilijiona niko salama. Chujio halikamati yote. Yanayopita yanakwenda kwenye bomba, na penye kona au mkunjo yanatua. Nimesoma takwimu za idara ya zimamoto ya Marekani za miaka 2008 hadi 2010: moto 2,900 hivi kila mwaka majumbani kutokana na mashine hizi, na sababu inayoongoza ni kutosafisha.

Tumeweka bomba gumu la chuma, laini ndani, la inchi 4. Viungo vimefungwa kwa utepe wa foili, kwa sababu ncha ya skrubu ikiingia ndani inanasa manyoya. Na lile chujio, kama mnatumia vitambaa vya kulainisha nguo vinavyowekwa ndani ya mashine, limwagieni maji. Yakisimama juu badala ya kupita, kuna utando usioonekana. Osheni kwa sabuni na brashi laini.

Mchangiaji wa 5

Dada umenigusa. Yangu nayo ni mizunguko miwili tangu mwaka jana. Bomba limepita darini, ni refu, na lina kona tatu. Nianzie wapi?

Mchangiaji wa 4

Kaka, washa mashine kisha nenda nje kwenye mdomo wa bomba. Kile kibawa kinachofunika mdomo kinatakiwa kifunguke na upepo wa moto ukupige mkononi. Kisipofunguka, usitumie mashine mpaka uzibue. Na kama ni ya gesi usisubiri hata kesho, maana hewa yake ikirudi ndani ni ile ile kaboni monoksidi ya mchangiaji wa 2. Urefu nao uupime. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinaishia mita 10.7, na kila kona ya nyuzi 90 inakula mita 1.5 kwenye hizo, labda mtengenezaji awe ametoa kipimo chake. Kona tatu si haba.

Mchangiaji wa 6

Niseme ya magata, naona yamesahauliwa.

Dalili yangu ilikuwa nyasi. Kulikuwa na mche umeota ndani ya gata, kijani kizuri, wanangu wakaupa jina. Tulikaa nao miezi. Ukutani chini yake palikuwa na mstari mweusi wa uchafu unaoshuka, na mvua ikinyesha maji yanamwagika kwa mbele kama pazia. Nilifikiri mvua ni kubwa kuliko gata.

Hebu tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000. Kwangu zote zilikuwa zinatua mguuni mwa ukuta mmoja, kila mvua. Kwanza ubao wa ukingo wa paa ukaoza hadi msumari unatoka kwa vidole. Kisha chumba cha pembeni kikaanza kunuka ukungu, rangi ikawa inavimba juu ya sakafu. Mwisho ufa, kuanzia kona ya dirisha kwenda chini kwenye msingi.

Gata lenyewe lilikuwa zima. Kilichoziba ni kona ya kwanza ya bomba la kushushia maji, majani yamebanana na mchanga. Kuzibua kulichukua nusu saa. Kurekebisha ukuta kulichukua miezi minne.

Msiishie kuzoa majani. Mwageni maji upande wa juu muangalie yanakokwenda. Yakituama katikati, mteremko umekufa. Unatakiwa milimita 6 hivi kwa kila mita 3. Maji yanayotuama huko juu mbu huyapenda, na hakuna anayekumbuka kuyaangalia. Na bomba la chini lipeleke maji mita moja na nusu mbali na msingi.

Mchangiaji wa 7

Kwa wanaopanda: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi usogee mita 1 kutoka ukutani. Nilijinyoosha kufikia jani moja la mwisho badala ya kushuka kusogeza ngazi. Kiuno kilivunjika. Huu ni mwaka wa tatu na bado nachechemea.

Mchangiaji wa 8

Nasafisha dohani kwa riziki, na ninawaomba mvae barakoa na glavu, mkimaliza mkaoge. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wasafisha dohani, waliokuwa wakitambaa ndani yake tangu utotoni, walipata saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Mimi nilianza kazi hii bila barakoa. Vijana wangu hawaanzi bila barakoa.

Mchangiaji wa 5

Nimerudi wakuu. Nilifanya kama dada alivyosema. Kibawa hakikutikisika. Mtu aliyetutangulia kwenye nyumba hii alifunga wavu mdomoni mwa bomba, nadhani kuzuia panya, na manyoya yameugeuza kuwa kama mto wa kulalia. Darini kiungo kimoja kilikuwa kimeachia, unyevu wote unamwagika juu ya mbao. Nimeng'oa wavu, nimeunganisha kiungo, nimesugua bomba lote kwa brashi ya fimbo. Mbao mbili nimezibonyeza zikaingia kidole, fundi anakuja Jumamosi.

Mzunguko wa kwanza umeisha sasa hivi. Taulo zimekauka hadi kwenye pindo.