Je, filamu ya JFK inawafaa wanafunzi wa kidato cha tatu?

Mwalimu wa Historia, Moshi
Ndugu wazazi, nakusudia kuwaonyesha wanafunzi wangu filamu ya JFK ya mwaka 1991, ambamo Oliver Stone anamfuata Jim Garrison, mwendesha mashtaka wa New Orleans aliyeshikilia kwamba Rais Kennedy hakuuawa na Lee Harvey Oswald peke yake. Inachukua zaidi ya saa tatu, ina matusi, na kule Marekani walio chini ya miaka 17 huiona sinema wakiwa na mzazi au mlezi. Mnaonaje?

Mama Neema, Kiboriloni
Nimeitazama na binti yangu wa miaka 15. Matusi hayakunishtua, maana stendi anasikia makubwa kuliko hayo. Kilichonitisha ni ile picha halisi ya sinema iliyopigwa siku hiyo na mtazamaji Abraham Zapruder, rais akipigwa risasi ya kichwa, ambayo Garrison anairudia mahakamani tena na tena: mara ya kwanza binti alijifunika kanga usoni, na mara ya mwisho kanga ilikuwa magotini naye anamenya karanga. Isitoshe, matukio ya kuigiza yamechanganywa na picha za kweli hata mimi mtu mzima nikashindwa kuzitenganisha. Tena, mniwie radhi, mwalimu anayekimbilia filamu amechoka na chaki.

Mwalimu wa Historia, Moshi
Mama Neema, sijachoka na chaki. Nina mikondo minne, madaftari nasahihisha nyumbani kwa taa ya kuchaji umeme unapokatika, na hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza kama nimechoka.

Babu wa Njiapanda
Binti yangu, mwache mwalimu. Mwalimu Nyerere alikutana na Kennedy Ikulu ya Marekani Julai 1963, na Novemba tukasikia ameuawa. Vijana wayajue hayo. Na yule mfanyabiashara aliyekula njama ya kumuua, yule Garrison aliyemshtaki, si alifungwa?

Mkazi wa Sakina, Arusha
Shikamoo Babu. Clay Shaw hakufungwa: Machi 1, 1969 wazee wa baraza walimwona hana hatia baada ya kushauriana kwa muda usiofika saa moja, na filamu yenyewe inaonyesha hivyo. Ikiwa Babu ametoka na imani hiyo, mtoto wa kidato cha tatu atatoka na nini?

Babu wa Njiapanda
Marahaba, lakini usinigeuze kielelezo cha kesi yako. Mwaka 1979 kamati ya Bunge la Marekani ilisema huenda palikuwa na njama, kwa hiyo sikuota. Na nyinyi wa Arusha mnaojua tarehe za New Orleans, waulizeni watoto wenu Sokoine wa Monduli alifariki lini na wapi.

Mkazi wa Sakina, Arusha
Aprili 12, 1984, ajali ya gari, mkoani Morogoro. Wangu anajua, kwa sababu nilimsimulia mimi, wala hakufundishwa shuleni.

Mama Neema, Kiboriloni
Hapo namuunga mkono Babu. Kabla ya Dallas alikouawa Kennedy, shule ingeanza na Sokoine.

Mwalimu wa Historia, Moshi
Sokoine nilimfundisha muhula uliopita, vipindi viwili, Mama Neema. Kwa chaki.