Texas: ni kweli mwizi wa usiku unaruhusiwa kumpiga risasi?

Kandambili aliandika:

Habari za humu wadau. Niko Houston mwaka wa nne sasa, nina kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu, bado si raia). Juzi saa nane usiku nimelala, nikasikia kioo kinapasuka chini kwenye paking. Kuchungulia dirishani, namwona jamaa kiwiliwili chote kimezama ndani ya Corolla yangu, miguu tu ndiyo iko nje. Nikachukua rungu la besiboli la mwanangu, nikashuka ngazi na bukta na kandambili. Kuniona tu akachomoka na begi langu la kazini. Nikamkimbiza mpaka getini, begi nikalipata. Polisi walikuja, wakaandika ripoti, wakaenda zao.

Asubuhi jirani yangu, mzaliwa wa hapahapa, akanicheka kusikia habari za rungu. Eti Texas mwizi wa usiku unampiga risasi na sheria inakulinda, kanunue bastola. Mke wangu hataki hata kusikia. Sasa wenye kujua, jirani anasema kweli? Na kama ningempiga na lile rungu ingekuwaje?

Kipanga_TX alijibu:

Jirani yuko sahihi mkuu, hii ni Texas. Tangu 2007 sheria inasema wazi kwamba kama uko mahali pako na hukuanzisha wewe, hulazimiki kurudi nyuma kwanza. Mwaka huohuo pale Pasadena mzee mmoja aliwaona watu wawili wanavunja nyumba ya jirani yake, akatoka na bunduki huku yuko kwenye simu na 911, namba ya dharura, akawaua wote wawili. Mwaka 2008 jopo la raia likakataa kumfungulia mashtaka. Arobaini zao zilifika. Nunua chuma ulale.

Mkalimani alijibu:

Kipanga, taratibu baba. Hiyo simu uliyoitaja, yule wa 911 alimwambia mzee asitoke, tena mara nyingi. Hukuliandika hilo.

Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Texas, mwaka wa tisa. Si wakili, kwa hiyo Kandambili mdogo wangu, nisikilize kama dada tu.

Jirani hakudanganya, ila kakupa nusu. Kifungu ni cha 9.42 cha sheria ya jinai ya Texas, na kweli kinataja wizi wa usiku, hata mwizi anayekimbia na mali papo hapo baada ya kuiba. Watu wanalibeba hilo neno "usiku" wanaondoka nalo, mengine wanayaacha palepale. Lazima uwe umeamini kwamba nguvu ya kuua inahitajika wakati uleule. Tena lazima uwe umeamini kwamba mali haiwezi kulindwa wala kurudishwa kwa njia nyingine yoyote, au kwamba ukitumia nguvu ndogo zaidi, wewe au mwingine mtakuwa kwenye hatari kubwa ya kufa au kuumia vibaya. Na kuamini huko kuwe kwa mtu mwenye akili timamu. Mambo yakifika kwenye kesi, wanaopima hilo ni raia kumi na wawili wa baraza la kuamua kesi, waliokaa kwenye kiyoyozi, wamelala vizuri, hakuna hata mmoja aliyevaa kandambili.

Sasa tazama mizani. Yule aliyevunja gari, kwa kawaida kosa lake ni dogo la Daraja A: jela ya kaunti isiyozidi mwaka mmoja, faini isiyozidi dola 4,000. Wewe ukimtandika na rungu, rungu ni kitu kinachoweza kuua, kwa hiyo unaweza kushtakiwa kwa shambulio la silaha. Hilo ni kosa kubwa la daraja la pili, miaka 2 hadi 20. Akifa na wakaliita mauaji ya kukusudia, ni miaka 5 hadi 99 au maisha. Ndiyo, ukileta ushahidi kwamba ulikuwa unalinda mali au nafsi yako, ni kazi ya serikali kuuvunja utetezi wako pasipo shaka ya maana. Lakini mpaka mfike huko umeshatoa dhamana, umeshamlipa wakili, na kazini wameshaanza kukuuliza mbona kila mwezi una ruhusa ya kwenda mahakamani.

Kumwonyesha tu silaha ili aogope, pale ambapo una haki ya kutumia nguvu, sheria haihesabu kuwa ni nguvu ya kuua. Hapo uko pazuri kidogo. Ila bastola kwenye nyumba za ghorofa mimi inanitisha. Ukimlenga mwizi kizembe risasi ikampata mtoto wa watu kule juu, utetezi wako kwa habari ya yule mwizi haukuokoi kwa habari ya yule mtoto.

Halafu lililonifanya nijibu ni hilo la kadi ya kijani. Sentensi niliyoitafsiri kuliko zote maishani ni ya hakimu, mtu anapotaka kukiri kosa: kama si raia wa Marekani, kukiri kwako kunaweza kukufanya ufukuzwe nchini, uzuiwe kuingia tena, au unyimwe uraia. Watu wanaitikia "ndiyo, nimeelewa" kabla sijamaliza. Wanakuwa wameshaambiwa kuna mpango mzuri: kiri, hakimu ataahirisha hukumu, utakaa chini ya uangalizi miaka kadhaa, ukimaliza kesi inafutwa. Kwa Texas hapo hukutiwa hatiani. Kwa uhamiaji, umekiri na umewekewa masharti, basi umetiwa hatiani. Nilishamtafsiria baba mmoja akimshukuru hakimu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka kwa furaha. Nami kazi yangu ni kutafsiri, siruhusiwi kuongeza neno.

Tangu 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani imeamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Lakini atakuelezaje kama hajui kuwa wewe si raia?

Kandambili alijibu:

Dada asante sana, nimesoma mara mbili. Ngoja niseme ukweli basi. Pale getini alikuwa ameshalitupa begi, ameshika geti anataka kuruka. Hasira zikanipanda, nikamtia moja ya

Mkalimani alijibu:

Ishia hapohapo. Umebonyeza tuma kabla hujamaliza, afadhali. Haya tunayoandika mwendesha mashtaka anaweza kuyasoma kama mimi ninavyoyasoma. Kesho asubuhi tafuta wakili wa jinai, na neno la kwanza kumwambia liwe kadi ya kijani. Halafu umsimulie yote, mpaka mwisho wa hiyo sentensi.

Kipanga_TX alijibu:

Duh. Mkuu, mimi nilijua ulimfukuza tu.

Kandambili alijibu:

Sawa dada. Kioo nimebandika nailoni kwanza, mafundi wanafungua saa mbili. Nikitoka hapo naenda kwa wakili.

Mkalimani alijibu:

Anza kwa wakili.